Sola, volti 12 au volti 240: Kuchagua mfumo wa taa za bustani Kisumu, Nakuru na magharibi mwa Kenya

Kisumu na Nakuru ziko karibu mno na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, au karibu na hapo, na giza huingia upesi. Maana yake kwa mwenye bustani ni kwamba usiku huchukua takribani saa 12, iwe Januari au Julai, na kwamba mtu anayerudi kutoka kazini saa moja na nusu huenda asiyaone maua yake ila Jumamosi na Jumapili. Ndiyo sababu watu wengi wa Riat, Milimani, Kiamunyi au Lanet, wakishamaliza kujenga na kupanda nyasi, huanza kuuliza habari za taa. Swali lao mara nyingi huwa lile lile: waweke taa za sola zinazojitegemea, mfumo wa volti 12 unaotoka kwenye transfoma inayoishusha stima ya nyumba, au wavute stima ya volti 240 moja kwa moja hadi bustanini?

Nimezishughulikia bustani za aina zote tatu, na nimeona kila mfumo ukifurahisha mahali pamoja na kumtia mwenyewe hasara mahali pengine. Tofauti haikuwa ubora wa taa peke yake. Ilitokana na udongo, mvua, urefu wa kebo, na zaidi ya yote, kile ambacho mwenye nyumba alitaka kukiona usiku.

Vigezo vya kupimia

Nitailinganisha mifumo hii kwa mambo matano: mwanga wenyewe, yaani wingi wake, rangi yake na uwezo wa kuuelekeza, kazi ya kuweka pamoja na usalama, jinsi mfumo unavyostahimili mvua, radi, vumbi na udongo wa kwetu, gharama ya miaka kadhaa badala ya bei ya dukani peke yake, na kinachotokea stima inapopotea.

Kabla ya yote hayo, fanya jambo moja lisilogharimu chochote. Toka nje saa mbili usiku ukiwa na tochi, na mtu mwingine akae sebuleni au kwenye veranda pale mnapokaa jioni. Umulike mwembe kutoka chini, kisha kutoka kando, kisha uweke tochi nyuma ya mti ili mwanga upige ukuta na mti uonekane kama kivuli cheusi. Mumulike ngazi, njia ya kutoka getini, na uzio wa kayaba. Aliyekaa atakwambia ni wapi panapopendeza na ni wapi mwanga unamchoma macho. Kwa kawaida mtagundua kwamba bustani nzima haihitaji kuangazwa: miti miwili au mitatu, njia ya kupita na ngazi hutosha, na giza linalobaki kati yake ndilo linaloipa bustani kina. Ukishajua mahali hapo ni wapi na pako umbali gani kutoka nyumbani, nusu ya uamuzi umeshaufanya.

Mwanga wenyewe

Mwanga hupimwa kwa lumeni, na rangi yake kwa kelvini. Balbu ya zamani ya wati 40 ilitoa karibu lumeni 400. Taa ya LED hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati, hivyo taa ya wati 4 au 5 hutosha kuangaza mti wa kawaida wa uani. Kwa rangi, kelvini 2700 hadi 3000 ni mwanga wa joto unaofanana na wa moto wa kuni, na kelvini 6000 na kuendelea ni ule mweupe wenye ubuluu unaoonekana kwenye vituo vya mafuta. Kwa bustani napendekeza ule wa joto bila kusita. Unayaonyesha vizuri magome ya miti, udongo mwekundu na matofali, na tena huvuta wadudu wachache. Jambo hili la wadudu si dogo huku kwetu. Wenyeji wa magharibi wanajua kwamba mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi huruka kuelekea taa, na watu huweka beseni la maji chini ya balbu ili wawakusanye. Wanaoishi karibu na Ziwa Victoria pande za Dunga wanawajua pia wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama wingu la moshi. Taa nyeupe kali juu ya meza ya chakula cha jioni huwaita wote.

Sasa tuangalie mifumo yenyewe. *Taa ya sola inayojitegemea* hubeba paneli, betri na taa katika kifaa kimoja, na uwezo wake hauwezi kuzidi ukubwa wa paneli hiyo. Chukua taa ndogo ya kuchomeka ardhini yenye paneli ya wati 2. Ikipata jua kali kwa saa 5 itavuna wati-saa 10, na baada ya upotevu wa kuchaji na kutoa chaji, tuseme zinabaki 7. Zikigawanywa kwa saa 12 za usiku, taa inapata kama wati 0.6, yaani lumeni 60 hivi. Mwanga huo unatosha kuonyesha ukingo wa njia, lakini hautaufikia ukindu wa mita sita. Kadhalika, taa kubwa ya sola iliyoandikwa wati 200 kwenye kasha, huku paneli yake ikiwa na sentimita 30 kwa 20, haiwezi kuwa ilivyoandikwa, kwa maana paneli ya ukubwa huo huzalisha wati 12 hivi jua linapowaka kabisa. Taa hiyo inaweza kuwa nzuri kwa kazi yake, hasa ikiwa na kihisi kinachoiongezea mwanga mtu anapopita, lakini inunuliwe kwa kuitazama paneli, si kwa kusoma kasha. Ubaya mwingine ni kwamba paneli hutaka jua na taa hutaka kuwa chini ya mti, na kifaa kimoja hakiwezi kuwa pote pawili. Tafuta zile ambazo paneli yake imetenganishwa na taa kwa waya wa mita chache.

*Volti 12* ndio mfumo wenye uhuru mkubwa zaidi wa kupamba. Taa zake ni ndogo, zinafichika kati ya majani, na huuzwa kwa pembe mbalimbali za miale: nyuzi 15 kwa shina refu na jembamba, nyuzi 30 kwa mti wa kawaida, nyuzi 60 kwa kichaka cha bogenvilia au ukuta. Miche ikikua, taa husogezwa bila kuita fundi. Kasoro yake ni umbali, nayo inastahili hesabu. Kebo ya shaba ya milimita 2.5 za mraba ina ukinzani wa kama omu 7.4 kwa kilomita. Taa za jumla ya wati 60 zilizo mita 30 kutoka kwenye transfoma zinavuta ampea 5 kupitia mita 60 za shaba, kwenda na kurudi, na volti 2.2 hivi hupotelea njiani. Taa za mwisho zitabaki na chini ya volti 10 na zitafifia. Mzigo ukiwa wati 24 kwa umbali huohuo, upotevu hushuka hadi volti 0.9 na taa nyingi za LED hazitaonyesha tofauti. Kwa hiyo bustani ndefu hutaka kebo nene zaidi, laini mbili badala ya moja, au mfumo wa volti 24 ambao hukata mkondo wa umeme nusu.

*Volti 240* haina shida hiyo. Wati 60 zilezile huvuta robo ya ampea tu, na upotevu kwa mita 30 haufiki hata volti 0.2. Ndiyo sababu huchaguliwa kwa viwanja vikubwa, hoteli, makanisa na barabara ndefu za kuingilia nyumbani. Hutoa mwanga mwingi kadiri utakavyo, na hapo ndipo hatari yake kwa uzuri wa bustani ilipo: wengi hufunga taa mbili kubwa kwenye pembe za nyumba zikitazama nje, bustani ikawa bapa kama uwanja wa mpira, na jirani akakosa usingizi. Zipo taa nzuri za volti 240 zenye mwanga mdogo na kofia ya kukinga macho, ila lazima uziulizie.

Kuweka na usalama

Sola inamshinda kila mtu hapa, kwa sababu unaichomeka ardhini na kazi imekwisha.

Mfumo wa volti 12 unaweza kuwekwa na mtu mwangalifu, mradi upande wa transfoma unaoingia kwenye stima ufanywe na fundi mwenye leseni. Kebo inaweza kulazwa kwenye mfereji wa kina kifupi chini ya nyasi. Jembe likiikata, taa zitazimika tu, naye aliyelishika jembe hatadhurika. Hata hivyo usidhani volti 12 haina moto: nyaya zikigusana, mkondo mkubwa unaweza kuyeyusha plastiki, na kwa hiyo kila laini iwe na fyuzi yake. Kwa bwawa la samaki au chemchemi ya maji, nisingeruhusu kitu kingine zaidi ya volti 12 yenye taa za IP68, yaani zilizotengenezwa kukaa chini ya maji.

Volti 240 ni kazi ya fundi stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, bila njia ya mkato. Kebo iwe ile yenye ngao ya nyuzi za chuma, izikwe kina cha nusu mita au zaidi, juu yake uwekwe mchanga na utepe wa onyo, na saketi ya bustani iwe na kikatizi cha miliampea 30 kinachozima umeme mara unapovuja. Waya wa kupeleka umeme ardhini usisahaulike, hasa mahali ambapo udongo hukauka sana, kwa sababu udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida. Nilikuta bustani moja ambamo waya wa kawaida wa ndani ya nyumba ulikuwa umezikwa sentimita 10 chini ya kitalu cha sukuma wiki, bila bomba na bila kikatizi. Aliyekuwa akilima pale kila wiki hakuwa na habari kwamba waya upo. Tangu siku ile siwezi kulizungumzia jambo hili kwa upole: yeyote asiye tayari kulipia kebo na kikatizi sahihi asipeleke volti 240 ardhini.

Mvua, radi, vumbi na udongo

Kiwango cha IP husomwa tarakimu kwa tarakimu: ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP44 inafaa chini ya paa la veranda. IP65 hustahimili mvua inayopigwa na upepo. Taa inayozikwa sawasawa na ardhi, ambayo maji yatasimama juu yake, inahitaji IP67. Haya ni sawa kwa mifumo yote mitatu, lakini mazingira hayaiathiri yote kwa namna moja.

Kakamega, Kisii na maeneo yanayolizunguka Ziwa Victoria hupata ngurumo na radi nyingi sana. Radi ikipiga karibu, kebo ndefu iliyo ardhini hubeba msukumo wa umeme hadi kwenye vifaa. Volti 240 na transfoma ya volti 12 zote zinahitaji kizuia msukumo kwenye kisanduku kikuu. Taa za sola zinazojitegemea hazijaunganishwa na chochote, kwa hiyo ndizo zilizo salama zaidi kwa hili. Lakini mvua hiyohiyo huja na mawingu ya mchana, na siku tatu za mawingu mfululizo mwezi wa Aprili zitaiacha taa ndogo ya sola ikizima saa tatu usiku. Nakuru tatizo ni vumbi la miezi ya Januari na Februari, ambalo huipaka paneli utando mweupe; futa kwa kitambaa chenye maji kila baada ya wiki mbili. Paneli iliyo na waya wake ilazwe karibu bapa, kwa kuwa jua letu hupita utosini, ila iinamishwe nyuzi 10 hivi ili mvua iioshe.

Udongo nao una neno lake. Tambarare za Kano na baadhi ya mitaa ya Kisumu zina udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na nguzo fupi za taa hulala upande baada ya msimu mmoja zisipowekewa zege la kutosha. Viungo vya kebo navyo huvutwa hadi vikaachana, kwa hiyo acha kebo iwe na ulegevu na uvifunge viungo kwa vifuniko vyenye gundi ya jeli. Vihiga, ambako mawe makubwa yako karibu kila shamba, kuchimba mtaro wa nusu mita kunaweza kugharimu kuliko taa zenyewe. Hapo sola na volti 12 hupata faida kubwa. Na palipo na fuko, tia kebo ndani ya bomba.

Gharama ya miaka

Sitataja bei kwa sababu hubadilika, lakini mpangilio wake ni huu: sola ndogo ni rahisi kununua, volti 12 ni ya kati, na volti 240 huwa ghali kwa ajili ya kebo na mitaro. Baada ya hapo mambo hugeuka. Betri ndogo za sola za bei nafuu hudumu mwaka mmoja au miwili, na joto la Kisumu ndani ya kasha lililofungwa huzichosha mapema. Betri za lithiamu za aina ya LiFePO4 huweza kuchajiwa na kutumika zaidi ya mara 2,000, kwa hiyo uliza ni betri gani na kama inaweza kubadilishwa bila kuitupa taa nzima.

Stima inayotumika na taa za LED ni kidogo kuliko watu wanavyohofu. Taa 10 za wati 5 zikiwaka saa 5 kila usiku hutumia uniti 7.5 kwa mwezi, na unaweza kuzidisha kwa bei ya tokeni yako. Taa moja ya wati 100 inayowaka usiku kucha hutumia uniti 36. Kinachokula pesa ni kuacha taa zikiwaka wakati hakuna anayezitazama, na kizima-saa cha bei ndogo, yaani swichi inayozima taa yenyewe kwa saa uliyoipanga, hulimaliza tatizo hilo.

Stima inapopotea

Kaunti ya Nakuru ina mvuke wa kuzalisha umeme wa Olkaria na Menengai, lakini hilo halijawahi kumzuia mkazi wake kukaa gizani, na tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikosa umeme kwa saa nyingi. Sola huendelea kuwaka. Volti 240 huzimika yote isipokuwa una jenereta au inveta. Volti 12 pia huzimika, lakini ina mlango mmoja ambao wengi hawaujui: taa zake zikiwa za kupokea mkondo wa DC, yaani ule wa betri, transfoma inaweza kuondolewa na mahali pake kuwekwa betri ya volti 12 na paneli juu ya paa. Taa za wati 24 kwa saa 5 hutaka wati-saa 120, na betri ya ampea-saa 20 hubeba karibu mara mbili ya hizo. Kwa njia hiyo mtu hupata uimara wa betri kubwa na uzuri wa taa ndogo pamoja.

Nani anafaa mfumo upi

Mpangaji, au mtu ambaye bado anajenga na hajui bustani itakaa vipi, ananufaika na sola, maana atahama nayo. Azifunge vizuri, kwa sababu taa za kuchomeka karibu na barabara huibwa. Mwenye uwanja wa robo eka, anayeketi veranda na wageni na anayetaka kuuona mti wake na ukuta wake wa mawe, atapata raha zaidi kwa volti 12. Mwenye eneo kubwa, njia ya magari ya mita 100 au zaidi, au mahali pa umma panapotakiwa kuwa na mwanga wa uhakika kila usiku, volti 240 inamstahili, mradi bajeti ya kuizika inavyopasa ipo.

Ukiwa katika hali hizi

Ikiwa hofu yako kubwa ni usalama wa usiku, anza na taa mbili za sola au za volti 240 zenye kihisi, moja getini na nyingine nyuma ya nyumba, zikitazama chini. Taa inayowaka ghafla hushtua zaidi ya ile inayowaka usiku kucha. Urembo uje baadaye kwa mfumo wake wenyewe.

Ikiwa kuna wazee nyumbani, fedha ya kwanza iende kwenye ngazi na njia ya choo cha nje, kwa taa fupi zilizo chini ya usawa wa macho. Sola isiwe tegemeo la pekee hapo kipindi cha masika, kwa sababu usiku wa mvua ndio ambao ngazi huteleza.

Ikiwa uko ufukweni mwa ziwa, au jirani na uzio wa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, chagua mfumo wowote, lakini mwanga uwe wa kelvini 2700, wenye kofia, na uzimwe saa nne usiku. Wadudu, ndege na wanyama wa usiku hutegemea giza hilo.

Ikiwa fedha haitoshi kwa sasa lakini unajua utataka mfumo wa waya siku moja, mwambie fundi alaze mabomba matupu chini ya njia ya kupitia magari na chini ya sakafu ya veranda kabla zege halijamwagwa, na aache kamba ndani yake ya kuvutia kebo. Kwa sasa tumia sola. Kebo itakapofika, iwe ya volti 12 au 240, itapita bila kuvunja kitu.